Rozari Yenye Meno

Juzi nilienda mjini kutafuta mahali pa kufungia picha ya Shosho ndani ya plastiki. Nilikuwa nimechapisha nakala tano, moja kwa kila mtoto wake, na Mama alikuwa amenionya nisizirudishe nyumbani zikiwa wazi, maana vumbi la Kabiria haliheshimu hata marehemu. Nikapanda ngazi za jengo moja kuukuu karibu na River Road, nikaingia saiba, duka la kompyuta na uchapaji, nyembamba kama ujia, na kijana aliyekuwa pale akaipitisha picha ya kwanza kwenye mashine. Ikatoka na joto lake. Sijui kwa nini niliinusa kabla ya kuitazama, lakini niliinusa, na papo hapo machozi yakanitoka mbele ya wateja.

"Siste, kwani nimeiharibu?" kijana akauliza, mkono ukiwa umeganda juu ya mashine.

"Zii, iko fiti. Ni hiyo harufu tu."

Akanusa hewa, asione la ajabu. "Hiyo ni plastiki. Utazoea."

Nilikuwa nimeizoea zamani. Plastiki iliyopashwa joto polepole bila kuungua ndiyo harufu ya jiko letu nikiwa na miaka minane, mwaka ambao Mama alipika shanga na mimi nikafanya kosa ambalo mpaka leo sijaliombea msamaha. Nililipa, nikachukua picha zangu, nikakaa kwenye ngazi za lile jengo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Shosho alikuwa mama yake Baba. Nyumba yake ya mabati ilikuwa katikati ya kiwanja ambacho yeye na marehemu mumewe walikaa kabla barabara haijafika. Pembeni kulikuwa na vyumba vya wapangaji, na viwili vya mwisho tuliishi sisi. Baba alifanya kazi ya ujenzi Naivasha, akija nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi boma lilikuwa la wanawake watatu: Shosho, Mama, na mimi niliyejihesabu kuwa mwanamke kamili.

Mama alitoka Kakamega. Alipoolewa pale, majirani walimtazama kama mtu aliyekuja kuomba chumvi akasahau kurudi kwao. Yeye na Shosho hawakuwahi kugombana hata siku moja, na nikifikiria sasa, labda hilo ndilo lililokuwa tatizo. Waliheshimiana kupita kiasi. Shosho alimwita Mama Ciku, kwa jina langu, naye akamwita Shosho Mama, na kati ya majina hayo mawili walipitishiana chai, mboga na pole, basi. Ukitaka kujua kama watu wanapendana waulize waligombania nini mara ya mwisho. Hawa wangekosa jibu.

Mama alifanya kazi za nyumbani Loresho, kwa mama mmoja mstaafu ambaye hakuweza kukaa bila kushughulisha mikono. Sisi tulimwita Mama Loresho tu. Alikuwa na udongo usiokuwa udongo: vipande laini vya rangi zote, vilivyofanana na plastiki changa. Ungeuacha mezani wiki nzima usikauke, lakini ukiupika unakuwa mgumu kama kifungo cha koti. Mama Loresho alitengenezea maua ya kuvaa masikioni. Mama alimwangalia siku nyingi huku akipiga pasi, kisha siku moja akaomba kipande cheupe na kipande cha buluu, akatengeneza msalaba. Mama Loresho alipohama kwenda kukaa na watoto wake, alimwachia Mama katoni nzima ya udongo ule. Mama aliibeba mwenyewe kutoka stendi mpaka nyumbani, akikataa kusaidiwa.

Siri ya kazi ilikuwa gogo. Mama hakuchora nyota juu ya ushanga. Aliijenga ndani. Alipanga vipande vya buluu katikati, akajaza nyeupe kwenye nafasi, akafunika yote kwa nyeupe nyingine, mpaka likawa gogo nene kama mkebe wa majani ya chai. Halafu alilikamua kwa viganja, kuanzia katikati kwenda nje, bila haraka, likirefuka na kukonda hadi likatoshana na penseli. Nyota ya ndani ilipungua pamoja nalo lakini haikupotea. Alipokata kwa wembe, kila kipande chembamba kilitoka na nyota yake. Mimi niliamini nyota imelala humo ndani na wembe ndio unaoiamsha, na Mama hakunikatiza imani hiyo. Vipande vya mwanzo na vya mwisho vilitoka na nyota zilizopinda, na hivyo ndivyo nilivyopewa nichezee.

Hatukuwa na oveni. Wenzangu mliolelewa upande ule mnaikumbuka keki ya sufuria, ile ya makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Shanga zetu zilipikwa hivyohivyo. Mama alimwaga mchanga safi kwenye sufuria, akatandika kigae juu ya mchanga, akapanga shanga zake zilizotobolewa kwa spoku ya baiskeli. Pembeni aliweka kipande cha karatasi nyeupe. Karatasi ikianza kugeuka rangi, moto umezidi, na Mama alipunguza makaa kwa koleo huku akinung'unika Kiluhya. Moto ukizidi nyeupe inakuwa kahawia. Ukipungua, ushanga unaonekana mzima lakini utapasuka baadaye, siku umeshamfurahisha mwenyewe.

Zikishapoa alizisugua kwa msasa ndani ya karai la maji, kisha kwa kitambaa cha jinzi kuukuu, na hapo ndipo wazimu wake ulipoonekana. Mama alipenda ulaini kupita kiasi. Alipitisha kila ushanga mdomoni, juu ya midomo, na midomo ikihisi chochote, mkunjo, kovu, hata ukingo wa nyota, ushanga ulirudi karaini. Watu walionunua rozari zake nje ya kanisa Riruta walisema hawajawahi kushika kitu laini vile. Alikuwa akiyameza maneno hayo na kurudi nayo nyumbani.

Na sasa Shosho. Kila Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya miti, jumuiya yetu ndogo ilikutana nyumbani kwa mtu mmoja na kusali rozari, na aliyeongoza alikuwa Shosho. Aliongoza tangu Baba akiwa kijana. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, shamba limekatwakatwa, watoto wametawanyika, lakini Alhamisi ilikuwa yake. Akianza Salamu Maria, hata watoto wa wapangaji waliacha kupiga kelele.

Alikuwa na tabia ambazo mimi nilizichukua kuwa maarifa ya wazee. Akimimina chai, alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe. Aliwajua watu kwa kikohozi kabla hawajabisha. Akipata ujumbe wa simu alinipa nimsomee, akisema maandishi ya siku hizi hayana adabu, yanajikunyata. Nilivutiwa sana na lile la kidole, nikaanza kulifanya na mimi, mpaka nikaungua na Mama akanichapa kwa kuchovya vidole vichafu kwenye chai ya watu. Ajabu ni kwamba Shosho hakuchapwa, na kidole chake alikitumbukiza palepale mbele yetu.

Rozari yake ilikuwa ya mti, nyeusi kwa jasho la miaka. Shanga za Baba Yetu, zinazotenga kila fungu la Salamu Maria kumi, zilikuwa kubwa, kila moja imekaa peke yake kati ya mafundo mawili ya uzi. Siku moja ya mvua, tukitoka kwenye maombi, uzi ulikatika juu ya mtaro. Nilichutama nikaokota kumi na tisa. Nyingine zilikwenda na maji. "Wacha ziende," Shosho akasema, akacheka, lakini kesho yake nilimkuta amekaa kitandani na zile kumi na tisa mapajani, akizipapasa moja moja. Nilimhurumia na sikujua niseme nini, nikamwambia kuna chai.

Mama naye alikuwa amesikia. Wiki tatu alitengeneza rozari moja tu. Sikuwahi kumwona akifanya kazi vile. Shanga hamsini na tatu za Salamu Maria zilikuwa na msalaba mwekundu mdogo. Sita za Baba Yetu zilikuwa na nyota ya buluu ya Bikira Maria. Zote alizifanya ukubwa mmoja, ukubwa wa harage, kwa sababu aliona zile za dukani zenye vipimo viwili hazina nidhamu. Akazitunga zikibanana bila fundo. Ulaini wake siusemi.

Alimpelekea Jumapili baada ya misa, juu ya sahani, imefunikwa kitambaa. Shosho aliipokea kwa mikono miwili. Akaipitisha vidoleni mwanzo hadi mwisho, uso ukielekea dirishani.

"Ni nzuri kabisa, Mama Ciku. Ni nzuri. Asante."

"Umeona hizo nyota, Mama?"

"Nimeona. Mungu akubariki."

Mama alirudi chumbani akaosha vyombo huku akiimba. Mimi nilibaki na swali. Nyota zilikuwa chini ya kidole chake, naye alikuwa anaangalia dirisha. Mtoto huona vitu vingi ila hajui aviweke kwenye kabati gani.

Alhamisi ya kwanza na rozari mpya, Shosho alianza vizuri. Salamu Maria ya kumi ikapita, na sisi tukangoja Atukuzwe Baba. Ikaja Salamu Maria ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu, na hapo mtu mmoja akakohoa, Shosho akakoma ghafla, akasema Atukuzwe Baba kwa sauti ya chini. Fungu lililofuata lilikuwa na nane. Wanawake walitazamana. Mama alitazama sakafu.

Nilikuwa na maelezo yangu. Mimi nikipewa peremende tamu sana, sikuitafuna. Niliilamba, nikaifunga tena kwenye karatasi, nikairudia, ili isiishe. Nilijua kabisa Shosho anafanya vivyo hivyo. Shanga zilikuwa nzuri mno, hasa zile za nyota, na hakutaka kuziacha zipite, akawa anarudiarudia. Nilimwonea fahari Mama kwa kutengeneza kitu kitamu namna hiyo.

Alhamisi ya pili ikawa mbaya zaidi. Fungu moja lilifika kumi na tano. Baadaye, Mama alipokuwa akitoka langoni, Mama Njoro alimshika mkono. Huyu alikuwa katibu wa jumuiya, jirani mzuri, mwenye mdomo usio na mlango.

"Mama Ciku, usinielewe vibaya. Shosho ametuongoza miaka mingi, sindio? Lakini umri umefika. Wacha tumpatie kiti mzuri apumzike, mtu mwingine aongoze."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Hata mimi, kama hakuna mwingine. Wiki ijayo ni kwenu. Tukimaliza kuomba, tutaongea na yeye polepole."

Mama aliutoa mkono wake, akaenda zake. Jioni ile alimpigia dada yake simu, akifikiri mimi nimezama kwenye kazi ya shule. "Haki ananifanyia makusudi," alisema. "Hiyo rozari hakuipenda. Anataka watu waone imemharibia maombi. Miaka tisa niko hapa, na bado." Hakumaliza. Nilisikia akipenga kamasi.

Niliumia. Nilitaka kumwambia kwamba amekosea, kwamba Shosho anaipenda rozari kupita kiasi, na kwamba hiyo ndiyo shida. Lakini mkubwa akiwa analia kwenye simu humkatizi kwa habari za peremende. Nikajua jambo moja tu: wiki ijayo Shosho atanyang'anywa Alhamisi yake, na itakuwa kwa sababu ya zile shanga.

Siku iliyofuata Mama alipokuwa akipangusa meza ya Shosho, aliiona rozari ikiwa juu ya Biblia, na akaona zaidi. Shanga za nyota zilikuwa zimeanza kupasuka kwenye matundu. Alikuwa ameziogopea, hakutaka nyeupe yake iguse ukahawia, akazitoa motoni mapema.

"Mama, nipatie hii rozari niirekebishe kidogo."

"Ichukue," Shosho akasema. "Ichukue tu." Alisema upesi mno.

Gogo la nyota lilikuwa limebaki kipande kifupi kama kidole changu, na ndani ya katoni palibaki nyeupe kidogo tu. Jumatano nilipotoka shuleni nilimkuta akikata nyota mpya badala ya zile zilizopasuka. Vilitoka vipande saba, kimoja kikachanika. Sita kamili. Akavibandika juu ya vidonge vyeupe, akavizungusha kati ya viganja mpaka nyota zikakaa, akatoboa, akapanga juu ya kigae ndani ya sufuria. Makaa yalikuwa tayari. Ndipo mvua ikaanza kupiga mabati na Mama akakumbuka nguo. Alifunika sufuria, akatoka mbio.

Nilibaki peke yangu na zile shanga sita. Nilikuwa nimekwisha kufikiria wiki nzima, na kwangu jawabu lilikuwa wazi: kama uzuri ndio unaomkwamisha, basi zile za kusimamia ziwe mbaya. Akifika kwenye ushanga mbaya hatatamani kuurudia. Niliinua kifuniko, nikachukua wa kwanza, nikauweka kati ya meno ya mbele nikauma.

Wakati huo nilikuwa na pengo. Jino la juu lilikuwa limeng'oka majuma machache kabla, na Shosho mwenyewe ndiye aliyenisaidia kulitupa juu ya paa, kama desturi, tukaomba jipya. Kwa hiyo alama yangu ilikuwa jino moja juu, meno mawili chini, na kilima katikati ambapo pengo liliacha udongo ukifutuka. Ladha ilikuwa ya mshumaa na chumvi. Niling'ata zote sita, moja baada ya nyingine, kwa bidii ya mtu anayefanya kazi ya Mungu. Nikazigeuza upande uliokuwa mbaya zaidi utazame chini, nikafunika.

Mama aliporudi na nguo zilizolowa nusu, alipanga makaa juu ya kifuniko bila kufunua. Kila mara alikiinua upande mmoja kidogo tu, akachungulia karatasi yake. Harufu ikajaa chumba. Mimi nilikaa na kitabu cha hesabu, nikasoma ukurasa mmoja mpaka kiza kikaingia.

"Ciku. Njoo hapa."

Alikuwa ameushika mmoja kati ya vidole viwili karibu na taa.

"Hii ni nini?"

"Labda ni panya."

"Panya gani huyu ako na pengo?"

Nilianza kulia kabla hajanyanyua mkono. Hakunyanyua.

"Kwa nini, Ciku? Niambie tu kwa nini."

"Nilitaka ziwe mbaya."

"Ziwe mbaya?"

"Ndio Shosho asizipende sana. Akizipenda anarudiarudia, na Mama Njoro anasema atamnyang'anya."

Nilingoja kofi, nilingoja hata matusi ya Kiluhya ambayo sikuyaelewa, lakini Mama alikaa tu juu ya kigoda, ushanga mkononi, akaonekana amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. Udongo ulikuwa umekwisha. Loresho hakukuwa tena na mtu wa kumwomba mwingine. Usiku ule alizitunga zilivyo, bila kuzipiga msasa, kwa sababu rozari iliyong'atwa ni afadhali kuliko rozari yenye mianya.

Alhamisi walikuja wote, wakajaa sebuleni kwa Shosho hadi mlangoni. Mama Njoro alikaa mbele na daftari lake. Mama alimkabidhi Shosho rozari, akaja kukaa nami kwenye mkeka.

Shosho alishika msalaba. Kidole gumba kikapanda hadi ushanga wa kwanza, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena. Nilimwona akikunja uso, kisha akiufungua. Akasema Baba Yetu.

Nilihesabu kwa vidole vya miguu na vya mikono. Katika fungu la kwanza, Salamu Maria ya nane, ya tisa, ya kumi. Kidole kikasogea kikagusa meno yangu. "Atukuzwe Baba," Shosho akasema, kwa sauti iliyojaa chumba chote, na watu wakaitikia. Fungu la pili, kumi. La tatu, kumi. Nilijawa na furaha hata nikasahau kuitikia. Dawa yangu ilikuwa imefanya kazi. Zilikuwa mbaya, na hakuwa akizirudia.

Nikamgeukia Mama nimwonyeshe kwa macho kwamba si nilimwambia. Hakuwa akiniangalia. Alikuwa akimwangalia Shosho, ambaye macho yake yalitulia ukutani, mbali kabisa na mikono, bila kupepesa. Halafu Mama alifumba macho yake mwenyewe. Alikuwa na rozari yake mapajani, aliyoitengeneza zamani, nayo ya ukubwa mmoja, laini kama kioo. Nilimwona akipitisha ushanga mmoja, wa pili, wa tatu, kisha vidole vikasita. Vikarudi. Vikatafuta. Akafumbua macho na yalikuwa yamejaa maji.

Watu walipokunywa chai, Mama Njoro alifunga daftari lake. "Leo Shosho ametuongoza sawasawa," alisema, na hakuongeza. Mambo mengine heshima yake ni kutotajwa.

Walipoondoka, mimi nilikuwa nikikusanya vikombe. Shosho alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Mama Ciku."

"Naam, Mama."

"Hizi ziko na mikwaruzo. Ndio hizo umetengeneza?"

"Ndio hizo."

"Ulijuaje?"

Nilisimama na vikombe vyangu. Mama angeweza kunitaja. Angeweza kusema ni huyu mbuzi wako anayekula kila kitu. Aliniangalia, akaniangalia kwa ukali, akarudisha macho kwa Shosho.

"Nilifikiria tu, Mama."

Shosho alitikisa kichwa polepole. "Niliogopa kukuambia. Watu wanasema ziko na nyota, ni nzuri sana, na mimi sioni. Naona tu dirisha, na hilo nalo linapungua. Nikasema, nikimwambia atafikiria nadharau kazi yake. Na hawa wakijua, wataniweka kando."

"Na mimi nilifikiria unanidharau," Mama akasema.

"Nikudharau wewe? Aca, hapana!" Shosho akasema, akigeuza uso upande wa vikombe vyangu. "Wewe ndio uliniletea huyu."

Mama alikwenda akakaa chini, karibu na miguu yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akachukua rozari ikiwa bado mikononi mwa Shosho, wakaishika wote wawili, akaanza kumwambia. Huu una msalaba mwekundu. Huu pia. Huu nyota yake imepinda kidogo, nilikuwa na haraka. Waliifuata yote hivyo. Walibishana hata juu ya rangi ya vazi la Bikira Maria, Shosho akisema buluu yake si ile, Mama akisema ni ile, na nadhani hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kubishana.

Walipomaliza, Shosho akaniita. "Ciku, kuja. Fungua mdomo."

Nikafungua. Alipitisha kidole chake juu ya meno yangu ya mbele: jino, pengo, na chini mawili. Kilinuka mafuta ya kujipaka na chai. Kisha akashika ushanga, akaupapasa, akarudi mdomoni kwangu kuhakikisha, kama fundi anayelinganisha ufunguo na kufuli. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso, na hakumwambia Mama anacheka nini. Wala Mama hakuuliza.

Mimi niliendelea kuamini kwa miaka kadhaa kwamba niliponya uroho wa Shosho. Nilikuwa msichana mkubwa siku daktari alipotamka presha ya macho mbele yangu na mambo yote, kidole kwenye chai, vikohozi, dirisha, yakajipanga mahali pake. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikaona aibu, kisha nikaona raha, kwamba ujinga wangu ulimfikia mahali ambapo akili za wakubwa hazikumfikia. Wakati huo Mama alikuwa amekwisha kubadilisha kazi yake. Alipata udongo mwingine, kidogo kidogo, na katika kila rozari shanga za Baba Yetu alizitia alama kwa ncha ya spoku kabla ya kuzipika. Wateja wengine walilalamika kwamba si laini kama za zamani. Aliwaambia wafumbe macho.

Shosho aliongoza Alhamisi mpaka mwaka wa mwisho. Meno yangu ya utoto yalibaki juu ya lile paa la mabati, na paa lenyewe lilikwisha kung'olewa kupisha ghorofa ya binamu yangu. Zile alama sita zilibaki mkononi mwa Shosho, zikichakaa taratibu chini ya kidole gumba.

Asubuhi ya mazishi tulikuwa watatu kwenye chumba cha kumvalisha: Mama, Mama Njoro ambaye sasa naye anatembea kwa fimbo, na mimi. Mama Njoro alikuwa amenunua rozari mpya mjini, nyeupe, inang'aa, ingali kwenye karatasi yake. Ni desturi, marehemu huwekewa rozari mkononi, na ile ya udongo alisema ingefaa ibaki kwangu, niwe na ukumbusho. Nami nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Niliitaka, sitaficha. Niliitaka sana.

"Hapana," Mama akasema. "Hiyo mpya hataijua."

Akatoa ile ya zamani kwenye mkoba. Akaizungusha kwenye vidole vya Shosho, vilivyokuwa vigumu, akivibembeleza kimoja kimoja. Akatafuta ushanga wa kwanza wenye meno, akakinyoosha kidole gumba cha Shosho, akakiweka juu yake taratibu mpaka kikagusa kile kilima cha pengo langu.

"Anzia hapa, Mama," akasema.